Mwenye Udongo Kichwani Hasalimii

Mimi udongo niliula kabla sijaufinyanga. Mama alikuwa akinisimulia habari hiyo kila alipotaka kunichekesha, nami nilicheka kila mara, utadhani sijawahi kuisikia: kwamba nilipokuwa natambaa alinikuta nyuma ya jiko nimekaa juu ya bonge la udongo wake, mashavu yamevimba, kinywa kimejaa, na mkononi nimeshaminya kitu chenye shimo katikati. Hakunipiga. Alinitia kidole kinywani, akautoa udongo, akautazama, akaurudisha kwenye bonge. "Hasara ya nini?" alisema. Chungu kilichotokana na bonge lile, alidai, ndicho kilichopikiwa makande ya ubatizo wangu, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Kwetu ni Kikwe, kijiji cha Wameru chini ya mlima. Mama alikuwa Mpare aliyeolewa na Mmeru, akaja na nguo zake, Biblia yake na ufinyanzi wake. Majirani aliongea nao Kimeru, sisi watoto alitugombeza kwa Kiswahili, na Kipare alikibakiza kwa ajili ya udongo. Kwa miaka mingi niliamini kabisa kwamba udongo haujui lugha nyingine. Hadi leo nikianza kukanda nauanza kwa Kipare, ingawa Kipare changu ni cha kuombea maji, na sidhani hayo maji ningepewa.

Watu huniuliza napenda nini kwenye kazi chafu namna hii. Swali hilo hunipandisha hasira, hasa kwa kuwa anayeuliza mara nyingi ameshika sahani ya maharage yaliyoivia kwenye chungu changu. Napenda ule wakati udongo unapoacha kunata. Unaukanda kwa visigino, unaukanda, unakung'ang'ania miguu kama mtoto anayekataa uende sokoni, halafu ghafla unakuachia. Unakuwa laini. Hapo mimi hucheka kwa sauti, peke yangu, nyuma ya jiko. Nilicheka hivyo nikiwa msichana mdogo na sasa nina wajukuu, bado nacheka. Halafu kamba za udongo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zinapanda juu ya kitako cha chungu. Halafu gunzi la hindi la kulainishia, kipande cha kibuyu cha kukwangulia, na kijiwe cha kusugulia ambacho mama aliniachia. Kijiwe hicho nimekitunza kuliko nilivyomtunza marehemu mume wangu. Alilijua hilo wala hakununa.

Na siku ya kuchoma? Siku ya kuchoma sili kitu. Nazunguka ule moto wa mabua na samadi kavu nikijisemesha, na vyungu vinapotoka kwenye majivu na mabaka yake mekundu na meusi navigonga kimoja kimoja kwa kidole. Kilichoiva kinaita, ngiii. Kikiita, nacheza. Nimewahi kucheza mbele ya mchungaji, aliyekuwa amekuja kuniuliza kwa nini sikuonekana ibadani.

Kuuza ndiko kunakonishinda. Nilikuwa napeleka vyungu hadi Ngaramtoni siku ya soko, mbali huko upande wa pili wa mji, kwa sababu wanawake wa huko wanajua kuchagua: anakigeuza, anakigonga, anakisikiliza, anakirudisha, anakichukua tena. Mimi nikishauza siwezi kukaa. Namfuata mteja katikati ya mbuzi na mafungu ya vitunguu nikimkumbusha asikibandike kikavu motoni, akianze kwa uji mwepesi, asikikwangue kwa kijiko cha chuma. Mmoja aliniuliza kama nataka na mahali pa kulala nyumbani kwake ili nikiangalie. Nilifikiri kidogo kabla ya kukataa.

Lakini udongo una sheria, na sheria ya mama ilikuwa moja. Kutoka shimoni hadi nyumbani, mwenye udongo kichwani hasalimii, haitikii, haongei na mtu. Udongo, alisema mama, ni mgeni uliyemwomba mwenyewe aje kwako. Ukianza kusimama njiani kuuliza habari za ng'ombe wa fulani, mgeni anaona humjali. Atafika, atafinyangwa kwa adabu zote, lakini siku ya moto atapasuka akuaibishe. Ukifika unamtua kivulini nyuma ya jiko, unanawa mikono, ndipo unafungua kinywa, na neno la kwanza ni salamu kwa waliomo nyumbani. Tena anayechimba awe mtu wa nyumba hiyo, na abebe kwa kichwa chake. Udongo wa kutumana haukubali.

Anayenijua anajua kwamba kunyamaza si kipaji changu. Shimo letu liko bondeni, kando ya mto, na kutoka huko hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa ukiwa na mzigo. Hiyo nusu saa ndiyo pekee ambayo majirani walikuwa hawajui nafikiria nini. Nilikuwa nafika nimevimba kwa maneno, nautua mzigo, nanawa, halafu nayamwaga yote kwa pamoja, shikamoo ikiwa mbele yake.

Sheria hiyo nusura inikoseshe mume. Kwetu huku, kumpita mtu mzima bila kumpa shikamoo ni afadhali umrushie jiwe. Jiwe linaweza kumkosa. Posa yangu ilikuwa imeshapokelewa. Jumapili moja mchana nilikuwa natoka shimoni, kikapu kichwani, maji ya matope yananichuruzika puani, nikamwona mama wa mchumba wangu anakuja na wenzake wawili, wamevaa vitenge vya kanisani, Biblia mkononi. Yeye alikuwa mzee wa kanisa. Nikaomba Mungu awapitishe njia nyingine. Hakuwapitisha. Walisimama kando, wakajipanga vizuri, wakangoja kusalimiwa. Nilikodoa macho kadiri ya uwezo wangu, nikakunja goti kidogo, mzigo ukayumba, nikapita. Nyuma yangu sikusikia kitu, na hicho kitu nisichokisikia kilinifuata hadi nyumbani.

Kesho yake mjumbe akaja kusema harusi isubiri, maana binti ana kiburi. Mama alijifunga kanga akaenda mwenyewe. Alieleza habari ya udongo, ya mgeni, ya moto, na yule mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Yaani kutoka bondeni hadi kwenu hakusema neno?" Mama akasema hakusema. "Hata moja?" Hata moja. Basi yule mama akasema, "Mwanamke anayeweza kunyamaza hivyo ndiye nimemtafutia mwanangu siku zote. Mleteni."

Wiki ya kwanza ya ndoa aligundua alichokipata. Nilianza kuongea asubuhi nikiwasha moto na nilimaliza nikiufukia. Akichoka alikuwa akiniambia, "Mkwe wangu, hebu nenda kachimbe udongo, nipumzike." Nami nilikwenda mbio. Tulipendana sana, mimi na yule mama, Mungu amrehemu.

Mungu alinipa mtoto mmoja, naye wa kiume. Akiwa mdogo alikuwa akinivizia kwenye kona ya mpera nikitoka shimoni, kwa nia moja tu, nivunje mwiko. Alitembea kinyumenyume mbele yangu, amevuta kope, amejaza mashavu, anasema, "Mama, ng'ombe wameingia kwenye mahindi! Mama, mchungaji amekuja, amekaa kwenye kile kiti kibovu! Mama, nyumba inaungua!" Nilijiuma midomo hadi ikaniuma kweli. Mzigo ulitikisika, kicheko kikanitokea puani. Kucheka mama alikuwa hajakataza, na mimi sikumuuliza, nisije nikakatazwa.

Hakunishinda, ila mara moja. Alikuwa anarudi kinyumenyume vilevile, amefika kwenye hadithi ya mchungaji na kiti, akatumbukia kwenye mfereji na kichwa kikagonga jiwe. Niliutupa udongo nikapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Nikambeba yeye. Baadaye niliurudia ule udongo pale ulipomwagika, nikaufinyanga, nikauchoma, na vyungu vyote vikapasuka, hakikubaki hata kimoja. Alisimama kwenye majivu na bandeji yake kichwani akaniuliza kama ni yeye aliyevipasua. Nikamwambia ni mdomo wangu. Sikuvijutia, na hadi leo sivijutii.

Kijana huyo sasa ana mvi mbili tatu, ni fundi wa vigae, anakaa mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, na mke wake, ambaye ni fundi cherehani, na watoto wao. Ni mtu msafi kupita kiasi. Akija Kikwe anaweka gazeti kwenye kiti kabla ya kukaa. Mimi sikumlaumu: mwanamume hakutarajiwa kupenda udongo, na mama, aliposema mtu wa nyumba, nadhani hakuwahi kuwaza kwamba yupo mwanamume anayeweza kunyamaza mwendo wa nusu saa.

Masika iliyopita nilianguka. Nilikuwa nimeshachimba, nimeshajitwisha, napanda ukingo wa shimo, mguu ukateleza nikarudi chini pamoja na gunia, na kifundo cha mkono wa kulia kikalia ko. Sasa mtu mwenye akili angepiga kelele. Lakini mimi nilikuwa nimeshajitwisha. Nililala mle shimoni, gunia kifuani, mvua inaninyea, nikiwaza kwamba nikipiga kelele udongo wote huu umeharibika, na ulikuwa udongo mzuri, haujawahi kutoka mzuri vile. Akaja mama mmoja kukata majani ya ng'ombe, akachungulia. "Shikamoo mama, umeanguka?" Nikatikisa kichwa kukubali. "Umeumia?" Nikatikisa tena. "Mbona husemi?" Nikamkodolea macho. Alikimbia kuita watu akisema nimepooza.

Mwanangu alifika siku hiyohiyo. Hospitalini, daktari akinifunga plasta ngumu, alisimuliwa jinsi nilivyokutwa, nikamwona anageuka rangi. "Mama, ulikuwa unakufa kwa kunyamaza?" Nikamwambia sikuwa nakufa, nilikuwa nasubiri. Hapo akatoa amri mbele ya daktari na manesi: "Shimo lile hutalikanyaga tena." Nilimjibu kwamba sikumzaa ili anifundishe pa kukanyaga. Lakini mimi nilikuwa nimelala na yeye amesimama, na siku zote aliyesimama ndiye mwenye amri. Akanipeleka kwake.

Mkono niliambiwa utapona, na nilijua utapona. Nilichotaka kujua ni kama nitaushika tena udongo wangu au ndiyo basi. Hakuna jingine lililonisumbua miezi ile. Wala hakukuwa na wa kunichimbia. Nyumba yangu ina watu wawili, mimi na yeye, na yeye ndiye aliyefunga njia.

Nyumba ya mwanangu ni ya kupanga, lakini sakafu ameitandika yeye, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Vigae vyeupe sebuleni, jikoni, bafuni hadi nusu ya ukuta. Hata sisimizi angeteleza akapasua kichwa. Alinionyesha kwa fahari, nami nikamwambia vigae vyake navyo ni udongo, ila vimenyooshwa hadi vikakosa tabia. Hakucheka.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi siku ya tatu nilikuwa nalitafuta jembe mwenyewe. Mkono mmoja shingoni, mwingine nikichokonoa vyungu vya maua vya jirani. Sokoni Kwa Mrombo nilimkuta mama anauza udongo wa kutafuna, ule wa wajawazito. Nikanunua vipande vitatu niende kuviloweka nione kama vinakandika. Muuzaji akanitazama mvi, akanitazama tumbo, akanishika mkono mzima kwa mikono yake miwili. "Hongera, mama. Mungu hachelewi." Mke wa mwanangu alilazimika kukaa chini kwa kucheka. Vile vipande havikukandika, nikavila.

Plasta ilipotolewa mkono ulikuwa umepinda kidogo, mwembamba, lakini vidole vyote vinaitika. Siku hiyo ndiyo nilipoona kwamba ng'ambo ya barabara wanachimba msingi wa nyumba. Nilivuka. Nikainama, nikaokota donge, nikalionja, maana bila ulimi utaujuaje? Mafundi waliacha kazi. Mmoja akasema, "Shikamoo bibi. Umepoteza kitu?" Nikamwambia, "Marahaba. Ndiyo, nimepoteza," na donge bado liko mdomoni. Wakanijazia ndoo bila kuuliza zaidi, nadhani kwa huruma.

Haukuwa udongo wa kujisifia. Ulikuwa mwekundu, mkali, umejaa mchanga wa mlima. Lakini mwanangu alikuwa kazini, mkewe yuko kwenye cherehani yake, watoto wako shuleni, na mimi nikajifungia bafuni, nikaumwaga juu ya vigae vyeupe, nikapandisha gauni na kuanza kukanda kwa visigino. Jamani! Niliteleza nikashika bomba, nikateleza tena nikashika ndoo, nikaimba Kipare chote nilichonacho halafu nikakirudia. Nilifinyanga kichungu kidogo cha kutosha kikombe kimoja cha uji, kimelalia upande mmoja, na nilikiona kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza. Nikakificha chini ya kitanda kikauke. Bafu nikaliosha likang'aa. Matope yote niliyasukumia kwenye tundu la maji.

Keshoye maji yakagoma kushuka. Yakapanda, yakapita chini ya mlango, yakaingia sebuleni kwa utulivu kabisa. Fundi bomba akaitwa, mwenye nyumba akaja kusimama mlangoni na mikono kiunoni, mwanangu akarudi kazini mbio. Fundi akaingiza waya wake, akavuta, na ikatoka kamba nene ya udongo, ndefu, imeviringika vizuri. Wote wakanigeukia. "Hiyo tayari ni kamba ya kwanza," nikasema, "msiikate." Mwenye nyumba ndiye pekee aliyecheka, na alijitahidi kujizuia.

Hapo ningeacha. Sikuacha. Kichungu kilipokauka nilikifukia kwenye jiko la mkaa uani, karibu na sufuria ya maharage. Kilikuwa na unyevu moyoni, na mimi, mfinyanzi wa miaka yote hii, sikungoja. Kilipasuka paa! Mfuniko wa sufuria uliruka, majirani walitoka wakidhani ni mtungi wa gesi, na maharage yalikutwa hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

Mwanangu alifika, akatazama ukuta, akanitazama. Hakupandisha sauti. "Mama, unataka udongo, au unatutaka sisi?"

"Udongo haujawahi kuniuliza hivyo," nikamjibu.

Alitoka bila kula. Nililolisema lilikuwa kweli na nilijuta kulisema, yote mawili, na usingizi ukanikataa. Asubuhi nilipoamka sikuwa na la kuongea. Sikupanga kumnunia mtu. Maneno yalikuwa yamekwisha tu. Chai nilikunywa, wajukuu niliwapakata, ila kinywa hakikufunguka. Siku ya pili mke wa mwanangu alinipima homa. Siku ya tatu wajukuu walianza kutembea kwa vidole. Jioni yake mwanangu aliporudi hakuvua hata zile kinga zake za magoti. Alipiga magoti mbele ya kiti changu jinsi anavyopiga kwenye kazi yake, akaniangalia usoni.

"Mama, hujajitwisha udongo. Mbona huongei?"

"Ndiyo maana," nikasema.

Aliinamisha kichwa akawa anaitazama sakafu yake, akipitisha kidole kwenye maungio ya vigae. Kisha akasema Jumamosi tutakwenda Kikwe nikawaone kuku wangu.

Jumamosi tulifika mapema, mimi, yeye na mkewe. Mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Alinikalisha kizingitini, akanipa fimbo kwa ajili ya goti langu, bovu tangu nianguke, akasema anakwenda kuonana na rafiki yake, atarudi si muda. Mke wake akaanza kufagia uwanja. Kuku niliwaona. Kuku huwezi kuwaona asubuhi nzima. Jua likapanda, mwanangu haonekani, na mimi hasira zikanipanda nalo: nimeletwa kwetu kukalishwa nitazame kuku, na bonde liko pale chini, nalinusa hadi hapa, na siruhusiwi. Nikapanga maneno ya kumwambia. Nikayapanga vizuri, makali mbele.

Kisha nikamwona mtu anatokea kwenye kona ya mpera, ana gunia kichwani. Amebaki na singlendi, shati amelikunja ngata, na suruali imelowa matope hadi mapajani. Mzee jirani yetu alikuwa anapita akielekea kwake, akasimama na bakora yake kungoja shikamoo. Yule mtu akakunja goti kidogo, akampita. Mzee aligeuka kumtazama, mdomo wazi. Nami nikasema moyoni, huyu ni mtoto wa nani asiye na adabu namna hii? Alipokaribia nikaona ni wangu.

"Wewe!" nikaita. "Unampita mzee? Na mimi mama yako, hata shikamoo?"

Hakujibu. Aliniangalia tu. Alikodoa macho kadiri ya uwezo wake, maji ya matope yanamchuruzika puani, na mimi macho yale nayajua, ndiyo niliyomkodolea bibi yake njiani siku ile ya Jumapili.

Fimbo sijui niliiacha wapi. Niliinuka nikamkimbilia, na goti langu bovu, nikamtangulia, nikaanza kutembea kinyumenyume mbele yake nimevuta kope. "Baba, ng'ombe wameingia kwenye mahindi! Baba, mchungaji amekuja, amekaa kwenye kiti kibovu!" Mke wake akaacha ufagio akapiga kelele, "Mama, utaanguka!" Ningeanguka tu, potelea mbali. "Baba, nyumba inaungua! Inaungua yote!" Alijiuma midomo. Gunia likatikisika, kicheko kikamtoka puani, na machozi nayo yakamtoka, yakachanganyika na matope, lakini neno halikutoka. Nilimzunguka mara mbili. Halikutoka.

Alipita nyuma ya jiko akautua kivulini, pole pole. Alinawa mikono hadi viwikoni kwa jinsi anavyonawa yeye, kwa sabuni, mara mbili. Kisha akaja akainama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

Amenisalimia hivyo tangu ajue kusema, kila asubuhi ya utoto wake na kila wiki kwenye simu, na sikuwahi kuona kwamba ni neno kubwa. Nilichelewa kuitikia. Nilikuwa bado nahema kwa kucheza.

"Marahaba, baba," nikasema. "Marahaba. Marahaba sana."

Nikaenda kwenye gunia, nikamega, nikalionja donge. Nikalitema. Nilimpenda mwanangu wakati ule kuliko siku niliyomzaa, lakini kazi ni kazi.

"Huu ni wa wafyatua matofali," nikamwambia. "Umechimba upande wa mchanga. Wangu uko ng'ambo, chini ya matete, ule mweusi."

Aliutazama ule mzigo wake, akaitazama suruali yake. Mke wake akafumba macho kungoja ugomvi. Mwanangu akaumwaga udongo wote kando ya jiko, akakung'uta gunia, akalikunja shati lake upya kuwa ngata, akashika njia ya bondeni. Mimi nikarudi kizingitini, nikanyoosha goti langu, nikakaa kumsubiri apite tena bila kunisalimia.